Pete moja tupu: niliyowaambia wanaoanza kujifunza usonara wa silva

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote karibuni sana. Nimeombwa niongee na nyinyi kabla hamjagusa vifaa, na nimekaa siku kadhaa nawaza niseme nini maana kazi hii ina mambo mengi mno, kuna kuyeyusha, kuna kumimina kwenye kalibu, kuna kuweka mawe, kuna kutia nakshi kwenye bangili, kuna mikufu ya kusuka waya, ukianza kuyagusa yote giza litakukuta hapa hapa. Kwaiyo nimeamua kitu kimoja tu. Ntaongelea pete. Sio pete ya jiwe wala ya nakshi, pete tupu ya duara, ile ambayo mtoto ukimwambia chora pete ndo anachora hiyo.

Na sababu yangu ni kwamba mtu akiweza kutengeneza pete moja tupu ikatoka sawasawa, jointi haionekani hata ukiigeuza geuza kwenye mwanga, duara ni duara kweli, ndani imelainika haimkwaruzi mtu, basi kazi kubwa ya usonara ameshaijua, zilizobaki ni nyongeza juu ya hiyo. Na asiyeweza hiyo hata aweke jiwe zuri namna gani, kazi yake itarudi tu. Kwaiyo ombi langu kwenu, na nalisema nikiwa namaanisha, kila mmoja wenu atengeneze pete tupu 20 kabla hajagusa kitu kingine chochote. Ishirini. Najua kuna mtu hapa ana picha kwenye simu ya hereni anazotaka kuzitengeneza, mwingine ameshamuahidi mchumba wake kitu. Sawa, zitunze hizo picha, zitakusubiri.

Mimi sikuambiwa hivi, au niseme ukweli, niliambiwa sikusikia. Mzee aliyenifundisha aliniambia tengeneza pete tupu mpaka nikwambie basi, nikatengeneza nne hivi, nikaona nimeshaelewa, nikaanza kuuza. Baada ya muda akaja mama mmoja niliyemuuzia, hakuja kugomba, alikaa tu pale kwenye benchi, akafungua kitambaa, akaiweka pete mezani. Ilikuwa imefunguka pale kwenye jointi, imeachana kama mdomo, na kidole chake kilikuwa na mkwaruzo mwekundu. Akaniambia, "Mwanangu, hii nilivaa sikuwa naivua hata usiku." Basi, hakuongeza neno. Nilimrudishia hela yake na nikamwomba samahani, lakini ile pete nilibaki nayo na ninayo mpaka leo, iko kwenye droo ya benchi langu, na yote ntakayowaambia leo yanatoka kwenye ile pete.

Maana nilimpelekea Mzee. Akaishika, hakuniuliza nilitumia moto gani wala lehemu gani, akaiinua kwenye dirisha na kuniambia angalia. Nikaangalia. Pale kwenye jointi silva yenyewe ilikuwa haigusani, kulikuwa na mwanya kama unene wa karatasi mbili tatu, na mimi nilikuwa nimeuziba kwa lehemu. Nikiipiga polishi ikawa inang'aa kote sawa, kwa macho huoni kitu. Ila lehemu sio gundi ndugu zangu, na sio simenti ya kujazia. Lehemu ya silva inafanya kazi pale vipande viwili vimegusana kabisa, inaingia kwenye ule mstari mwembamba usioonekana inashika pande zote mbili. Ukiiachia nafasi inakaa peke yake katikati, inakuwa ndo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye pete nzima, na pete inavaliwa, inagongwa, inavutwa, mtu anabeba ndoo nayo, siku moja inaachia.

Haya tuanze na silva yenyewe, hapa sitakaa sana. Mtakayotumia ni 925, maana yake kwenye sehemu elfu moja, 925 ni fedha tupu na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Fedha tupu peke yake ni laini mno kwa pete, itapinda na kuchubuka haraka, ile shaba ndo inaipa ugumu. Lakini shaba hiyo hiyo ndo italeta shida kwenye moto, tutafika huko. Fedha tupu inayeyuka kwenye nyuzi 961 na kitu za sentigredi, ila hii 925 inaanza kulegea mapema zaidi, karibu na 800, na ikikaribia 900 imeshakuwa maji. Shikeni hiyo 800 kichwani.

Watu wengi watawashauri mjifunze na shaba kwanza maana ni bei nafuu. Kukata na msumeno, sawa, kateni shaba mpaka mchoke. Kupiga tupa, sawa. Ila kulehemu mimi nasema jifunzeni kwenye silva mapema, kwa sababu shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085, yani ina uvumilivu mkubwa sana wa moto, unaichoma unavyotaka inakuangalia tu. Ukihamia kwenye silva na mkono ule ule, pete inayeyuka mbele yako na hujui umekosea wapi.

Msumeno. Huu wa kwetu una fremu kama upinde na bledi nyembamba kama uzi, za kuanzia chukueni namba 2/0 au 3/0. Meno yanaangalia chini, kuelekea kwenye mpini, kwaiyo unakata wakati unavuta kushuka, ukipanda unarudi tu. Hujui meno yameelekea wapi? Pitisha kidole taratibu, upande mmoja utakukwama. Bledi ikazwe mpaka ukiigusa kwa kucha inalia tiing, ikilia bwee imelegea na itakatika. Mtakata bledi nyingi sana mwanzoni, mimi nilimaliza pakiti nzima kwa siku mbili, na sababu karibu zote ni moja, mtu anasukuma msumeno mbele. Usisukume. Msumeno unapanda na kushuka wima, wenyewe unajua njia, wewe kazi yako ni kuuacha. Ukifika kwenye kona usiulazimishe kugeuka, endelea kupanda na kushuka pale pale bila kwenda mbele huku unageuza silva pole pole na mkono wa pili. Paka nta kidogo kwenye bledi, inateleza vizuri.

Na kaeni vizuri jamani. Benchi letu liko juu, usawa wa kifua, sio usawa wa tumbo kama meza ya kusomea. Ukiinama masaa sita kila siku mgongo utakuja kukudai.

Urefu wa kukata. Hapa ndo kosa la kwanza la kila mtu. Umepima kidole, kipenyo cha ndani ya pete ni milimita 17, unazidisha na 3.14, unapata 53 na kitu, unakata, unakunja, pete haiingii. Kwanini? Kwa sababu silva ina unene, na ukiikunja upande wa ndani unajibana na wa nje unavutika, kipimo cha kweli kiko katikati ya unene. Kwaiyo unachukua kipenyo cha ndani unaongeza unene wa waya mara moja, ndo unazidisha. Waya wa milimita 2, kidole cha 17, unapata 19, mara 3.14 ni 59.7. Tofauti ya zaidi ya milimita 6! Kata 60 na kidogo, ile kidogo utaila kwa tupa wakati wa kunyoosha ncha.

Sasa kulainisha. Waya ukija kutoka kwenye mashine ya kuuvuta uwe mwembamba unakuwa mgumu, na kila ukiupiga au ukiukunja unazidi kukaza. Ndani ya metali kuna fuwele ndogo ndogo, ukiipiga zinasukumana na kujikunja mpaka zinakosa pa kwenda, ukiendelea kulazimisha inapasuka. Moto unazipanga upya. Unaipasha mpaka inafika kama 600 au 650, hapo kwa macho ni wekundu wa mbali sana, wekundu ambao kwenye mwanga mkali huuoni kabisa, ndo maana taa ya kwenye kona ya moto tunaizima. Usifanye kazi ya moto mbele ya dirisha lenye jua, utaona silva nyeupe nyeupe tu kumbe imeshafika 750. Njia nyingine nzuri kwa anayeanza ni kuchora mstari wa maka peni juu ya silva, ukiona mstari umefifia na kutoweka umefika. Acha wekundu uishe wenyewe, alafu tumbukiza kwenye maji. Kile kipande ulichokuwa unahangaika nacho utakikunja kwa vidole kama waya wa umeme. Mimi kila nikilainisha silva bado nafurahi, miaka yote hii.

Ukikunja usitafute duara kwanza. Hili nalisema kwa sauti maana kila mwanafunzi anataka pete iwe duara toka mwanzo. Hapa unatafuta ncha mbili zikutane tu, pete iwe kama yai, iwe kama herufi D, haijalishi. Duara utalipata baadaye kwa nyundo. Zipitishe ncha zipishane kidogo, moja juu ya nyingine, alafu zirudishe zikutane uso kwa uso, hivo zinakuwa zinasukumana zenyewe zinataka kugusana. Hapo unachukua msumeno, unapitisha bledi katikati ya ile jointi, unakata. Ndio, unakata jointi. Bledi inakula pande zote mbili kwa mara moja kwaiyo zinatoka zinafanana. Unazisogeza tena, unakata tena. Mara mbili, mara tatu. Alafu unainua kwenye mwanga.

Hapa tukae kidogo.

Mzee alikuwa ananifanya niinue kila pete kwenye dirisha kabla ya moto, na kama kuna mwanga unapita hata kidogo sana, hata kwenye kona moja tu ya chini, ananirudisha. Nilikuwa nachukia. Kuna siku moja nilirudishwa mara tisa na pete ile ile. Nikaona ananionea. Lakini siku ile nilipoilehemu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona lehemu inakimbia yenyewe kwenye jointi nzima kabla sijasogeza moto, na nikaelewa kwamba ile kazi ilikuwa imeshaisha pale dirishani, moto ulikuja kuifunga tu. Kwaiyo mkiona nawarudisha jueni kwamba sina ubaya na nyinyi. Mwanga ukipita, rudi.

Na usafi. Jasho la kidole, mafuta ya kupaka mikononi, nta ya bledi, vyote vinazuia lehemu. Pitisha msasa, suuza, na ukishasuuza usiguse jointi tena.

Lehemu ziko za aina tatu kuu, ngumu, ya kati, na rahisi, ugumu wenyewe ni kwamba moja inahitaji moto mwingi kuliko nyingine. Ukiwa na kazi ya jointi nyingi unaanza na ngumu unashuka, ili jointi ya kwanza isifunguke ukichoma ya pili. Kwa pete yetu yenye jointi moja, tumia ngumu, rangi yake inafanana na silva zaidi na inashika vizuri. Zote tatu zinayeyuka kwenye nyuzi 700 na kitu. Sasa rudini kwenye ile 800 niliyowaambia mshike. Mnaona nafasi ilivyo ndogo? Kati ya lehemu kuyeyuka na pete yenyewe kuanza kulegea hakuna umbali mkubwa, ni sekunde chache za moto, na ndani ya hizo sekunde ndo fundi anajulikana.

Kuna jambo moja mkilielewa mmepona. Fedha ndo metali inayopitisha joto kuliko metali zote, inaishinda hata shaba. Ukichoma sehemu moja, joto halikai pale, linakimbia kwenye mwili mzima. Anayeanza anafanya nini? Analenga moto kwenye kile kipande cha lehemu, maana anaona ndo anachotaka kiyeyuke. Lehemu inayeyuka kweli, inakuwa kama tone, kama shanga ndogo, inakaa juu haiingii popote, kwa sababu pete yenyewe bado ni baridi. Kwaiyo unachoma pete nzima. Unazungusha moto taratibu, ukianzia upande ulio mbali na jointi, unaipasha yote kwa pamoja, na lehemu inayeyushwa na pete, sio na moto. Alafu lehemu ina tabia moja, inakimbilia palipo na joto zaidi. Upande mmoja wa jointi ukiwa na joto kuliko mwingine, lehemu yote itapanda upande huo. Pande zote zikilingana inashuka katikati. Ukishajua hivo unaweza hata kuivuta, unasogeza moto upande wa chini na yenyewe inafuata.

Niwape picha yenyewe hatua kwa hatua maana mtaiona leo. Umeweka pete juu ya tofali la moto, jointi iko juu au iko mbele yako, umepaka boraksi, ile dawa nyeupe ya kusaidia lehemu ikimbie, iliyosagwa na maji mpaka ikawa kama maziwa mazito, umeweka kipande cha lehemu kidogo sana, chini ya punje ya mchele, kidogo kuliko unavyofikiri. Unaanza na moto wa mbali, mpole. Maji yanachemka, boraksi inavimba inakuwa povu jeupe, na lile povu linaweza kuisukuma lehemu ikaanguka, ndo maana unaenda pole, ikisogea irudishe na ncha ya kibano. Alafu povu linanywea. Alafu linakauka kama vumbi. Alafu, na hapa uache kuongea na jirani yako, linaanza kuyeyuka, linakuwa kama kioo, lina majimaji, na silva chini yake inaonekana safi. Umebakiza kidogo. Sogeza moto karibu, ule ulimi wa bluu wa ndani, mbele yake kidogo ndo pana joto kali kuliko sehemu zote za moto. Pete inaanza wekundu. Lehemu inajikusanya inakuwa duara. Na ghafla, huioni ikianza, inang'aa kama zebaki na kupotea, inakuwa mstari mmoja mwembamba unaomulika kutoka juu mpaka chini ya jointi. Ondoa moto. Hapo hapo. Sio baada ya kushangaa, sio "ngoja niongeze kidogo iwe imara". Pete nyingi zinafia kwenye hiyo "ngoja niongeze". Uso wa silva ukianza kutetemeka kama maji kwenye sufuria ujue imeanza kwenda, na haina subira.

Ikishapoa, pete itakuwa imechafuka, nyeusi nyeusi na ule ukoko wa boraksi kama kioo. Inaingia kwenye maji ya asidi yenye uvuguvugu. Kwa hapa tunatumia sitriki, ile ya unga, ni ya taratibu lakini haina hasira. Siku mkifanya kazi kwa mtu anayetumia asidi ya salfa iliyopunguzwa, kumbukeni asidi ndo inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye asidi hata siku moja, inachemka ghafla na kuruka usoni. Na kibano cha chuma kisiingie humo. Mle ndani kuna shaba iliyoyeyuka kutoka kwenye kazi zote zilizopita, chuma kikigusa tu shaba inaikimbilia silva na kuipaka, unatoa pete ya pinki. Tumia kibano cha shaba au cha plastiki.

Wale mliotoka kwenye ufundi redio, nawaomba kwa heshima, risasi zenu za kuchomelea zisifike kwenye benchi hili. Silva ikiwa na chembe ya risasi ama bati alafu ikapata moto mkubwa, inatobolewa, inaliwa mashimo mashimo na huwezi kuiokoa.

Sasa ndo duara. Ile pete ya umbo la yai unaiingiza kwenye mandreli, kile chuma cha mviringo kinachoanza chembamba kinaishia kinene, unaipiga na nyundo ya mbao au ya ngozi. Sio ya chuma, ya chuma inapunguza unene na kuacha alama. Unageuza pete upande wa pili kila mara maana mandreli ina mteremko, usipogeuza upande mmoja unakuwa mpana. Na hapa ndo jointi inapimwa. Kama ulijaza mwanya kwa lehemu itaachia saa hiyo hiyo, shukuru, maana imeachia kwako na sio kwenye kidole cha mtu.

Tupa na msasa. Tupa inakata ukisukuma tu, ukirudi inue, ukiiburuza kurudi unaua meno. Msasa anza na 400, alafu 600, alafu 1000 au 1200, na kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo. Kama 400 ulienda kulia kushoto, 600 nenda juu chini, na uendelee mpaka mistari yote ya kulia kushoto imeisha, ukiona hata mmoja umebaki hujamaliza. Mistari ukienda mwelekeo mmoja tu haionekani tofauti, unadhani umemaliza, unaenda kwenye polishi na polishi inaing'arisha mikwaruzo yako vizuri sana mpaka mtu wa mbali anaiona. Na ndani ya pete jamani! Ndani ndo panagusa ngozi. Watu wanang'arisha nje kama kioo na ndani wanaacha kingo kali kama wembe.

Kwenye polishi mtaona kitu cha ajabu, kuna madoa ya kijivu yenye uzambarau kidogo, hayatoki, ukisugua yanahama. Ile ni shaba iliyoungana na hewa wakati wa moto na kujificha chini ya uso. Ni zile 75 kwenye 1000. Dawa ni kuitoa kwa msasa mpaka uikute silva safi, na mara nyingine ujipange mapema, boraksi ipake pete nzima sio jointi peke yake, na usiiweke kwenye moto muda mrefu.

Mashine ya polishi mtaisubiri mpaka wiki ya tatu, na hili sitabishana na mtu. Ile mota inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Nywele zifungwe, mikono ya nguo ikunjwe, mtandio uingizwe ndani, glavu usivae maana zikinaswa zinaenda na kidole. Miwani lazima. Na mkufu, mkufu usiushike na kuuzungushia vidole mbele ya mashine hata kama una haraka namna gani, unapigwa kwenye kibao bapa cha mbao au kwa mkono. Nimeona kidole cha fundi aliyenizidi miaka mingi kwenye kazi hii, na sitaki kukiona tena kwa mtu mwingine. Kona ya moto nayo, mpira wa gesi tunaupaka povu la sabuni kila asubuhi, povu likipuliza mapovu kuna tundu, hatuwashi. Dirisha liko wazi muda wote wa moto.

Ile ngozi iliyoning'inia chini ya benchi mbele ya tumbo lako sio pambo, inadaka vumbi la silva. Hakuna kupuliza, hakuna kukung'uta nguo nje. Kila jioni tunakusanya kwa brashi, tunapitisha sumaku kutoa vipande vya bledi na chembe za tupa, silva haishiki sumaku kwaiyo inabaki, inaingia kwenye chupa. Baada ya miezi chupa inajaa, tunaiyeyusha kwenye kijungu na boraksi na kumimina upya. Na zile pete zenu 20, zitakazoharibika zote zitarudi huko huko na kuja kuwa pete nyingine. Kwaiyo msiogope kuharibu. Hiki ndo ninachokipenda zaidi kwenye silva, haikutupi.

Neno la muhuri, fupi. Mtakapoanza kuuza mtataka kugonga 925. Gonga pale tu unapojua silva yako imetoka wapi. Kuna metali inaitwa nikeli silva, ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe moja licha ya jina, na ikisuguliwa inang'aa kama ndugu yake. Mteja hana namna ya kujua, anaamini ile alama uliyogonga wewe. Mimi hilo nalichukulia kama kiapo.

Na vifaa, maana najua mtaniuliza. Fremu ya msumeno, bledi, tupa moja ya nusu duara, kibano, mandreli, nyundo ya mbao, msasa, tochi ya gesi ndogo na tofali la moto. Basi. Usikope hela kununua mashine.

Haya. Waya uko kwenye meza ya mbele, ni wa milimita 2, kila mtu apime kidole chake mwenyewe, aandike hesabu kwenye karatasi aniletee niione kabla hajakata. Bledi ziko kwenye kile kikopo, ikikatika njoo uchukue nyingine, huhitaji kuniomba ruhusa wala kuniomba radhi. Mliokaa karibu na dirisha, naomba mfungue pazia lote, tutauhitaji huo mwanga. Na ile pete ya yule mama naipitisha, kila mtu aishike, aangalie jointi, alafu ampe aliye pembeni yake.